Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Timu Nyekundu

Ukitaka kumtambua Bi Kipimo barabarani, usihangaike na sura, tazama mfuko wake wa kifuani. Humo ndimo kinamokaa kipimajoto chake cha ng'ombe, ndani ya kikasha chembamba cha bati, kimefungwa uzi mrefu ili kisije kikampotelea ndani ya mgonjwa. Usicheke. Kimoja kilishampotelea mwaka wake wa kwanza kazini, na alisimama nyuma ya yule ng'ombe tangu asubuhi mpaka saa kumi akingoja kirudi. Kikarudi. Akakiosha, akakifuta kwa spiriti, akaendelea na kazi kama hakuna lililotokea.

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mji mzima ni Bi Kipimo, Bi Kipimo. Mtoto akilia ovyo ataitwa yeye kabla ya nesi, aje aweke kiganja pajini, aseme, "Huyu hana homa, ana deko," na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Aliingia kituo cha mifugo kama mfagiaji, ana watoto wawili na mume aliyekwenda kutafuta kazi mbali akasahau njia ya kurudi. Akafagia miaka sita. Sasa kuna watu wakifagia wanaona vumbi tu, lakini huyu alikuwa anaona kila kitu. Siku moja daktari wa kituo alikuwa anatokwa jasho juu ya ng'ombe aliyegoma kula, kashika masikio, kashika tumbo, haambulii kitu. Bi Kipimo akaegemea fagio akasema, "Mtazame chini ya ulimi, daktari." Kutazama, kipande cha waya kimechoma nyama. Daktari yule, Mungu ampe umri, hakuona haya wala hakununa. Alimwandikia barua ya kwenda kozi. Bi Kipimo alirudi na cheti, na fagio likapata mwenyewe mwingine.

Tangu hapo ni miaka ishirini na miwili ya kupima joto, kudunga sindano na kupigwa mateke. Na msimamo, jamani, msimamo. Kuna mkubwa mmoja alileta fahali lake livushwe, likakutwa na joto la arobaini na nusu. Mkubwa akapiga simu, akauliza kama huyo mama anajua anazungumza na nani. Bi Kipimo akamjibu kwa adabu zote, "Mheshimiwa, sikukupima wewe, nimempima fahali." Fahali halikuvuka. Kwa muda wa mwezi mzima mkuu wa kituo alikuwa akiona gari jeupe anajificha chooni.

Kituo chenyewe kiko mpakani, hatua mia mbili kutoka kwenye kizuizi. Ng'ambo ya daraja ni nchi nyingine, serikali nyingine, lugha nyingine, hata maandishi yao si haya yetu. Zamani ugonjwa wa miguu na midomo ulipita hapo ukafagia mifugo ya pande zote mbili, kila upande ukasema ni ninyi mliotuletea, nusura washikane mashati. Mwisho serikali mbili zikakaa zikakubaliana jambo la maana: rangi. Ng'ombe akiwa na alama ya kijani kwenye paji la uso, amepimwa, ni mzima, apite. Akiwa na nyekundu, ni mgonjwa, asisogezwe hata hatua moja, auawe, azikwe. Rangi haihitaji mkalimani.

Kopo la kijani lilikuwa linaisha kila mwezi. La nyekundu Bi Kipimo alilifungua mara mbili tu katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili alilia. Makopo yote mawili aliyaweka nyumbani kwake, chini ya meza ya jikoni, kinyume cha kanuni, kwa sababu ghala la kituo lilikuwa linavuja na mkuu wa kituo alimwambia, "Kaa nayo kwako kwa muda, mama." Alimwambia kwa mdomo. Muda ukawa miaka minne. Mkuu huyo ni mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, si mbaya wa roho, lakini karatasi yenye sahihi yake anaiogopa kuliko nyoka.

Sasa nyumbani kwa Bi Kipimo alikuwapo mjukuu wake wa kike wa miaka tisa, mtoto wa binti yake anayefanya kazi mji wa mbali. Walikuwa wakiitana mke mwenza, ingawa mume mwenyewe ndiye yule aliyepotea njia. Mtoto huyo alikuwa na akili nyingi kupita mahali pa kuziweka, na alikuwa na wazimu wa mpira. Lile kopo jekundu lilimsumbua siku nyingi. La kijani linatoka, linarudi tupu, linaletwa jipya. Hili limekaa tu, limejaa, halina kazi. Kwa akili ya mtoto, hilo lilikuwa ni dhuluma.

Jumamosi moja asubuhi Bi Kipimo aliwapima ng'ombe arobaini na mmoja waliokuwa kwenye zizi la kungojea kuvuka. Wote wazima. Akawapaka kijani, akatia sahihi karatasi ya kuvukia, akapanda baiskeli kwenda kuchanja mbuzi shamba la mbali. Mlinzi wa zizi akaenda kunywa chai. Chai ya yule bwana unaweza kuoka mkate na kuula ikiwa bado inanywewa.

Mjukuu akaja na wenzake wawili, mpira wa matambara, brashi na kopo jekundu. Wakakuta ng'ombe wamesimama wamezubaa, wote timu moja. Mechi itachezwaje? Akachagua kumi na mmoja, akawapaka nyekundu juu ya ile kijani, na kwa kuwa kazi nusunusu hakufundishwa, akawaandika na namba ubavuni, moja mpaka kumi na moja, kubwa, zimenyooka. Dume kubwa jeusi likawa namba moja, golikipa, kwa sababu halisogei. Namba kumi akampa mtamba mwekundu mwenye mimba, mwepesi wa miguu. Timu ya kijani ilibaki na ng'ombe thelathini, yaani ilikuwa na wachezaji wa akiba kumi na tisa. Mechi ilikuwa haijafika mbali wachungaji walipokuja kuwaswaga, watoto wakaruka ua wakatoweka.

Utauliza, wachungaji hawakuona? Waliona. Askari wa kizuizi naye aliona. Lakini namba zilikuwa zimeandikwa vizuri mno, na zimefuatana. Wote walijua ni agizo jipya kutoka juu. Serikali ikishakuandikia namba ng'ombe, unauliza nini tena? Askari alihesabu vichwa arobaini na mmoja, akagonga muhuri, akainua kizuizi.

Ng'ambo walisoma walichokubaliana kusoma. Nyekundu ni mgonjwa. Na namba je? Kwao jibu lilikuwa wazi: hawa jirani zetu wagonjwa wao wamewahesabu, wamewapa namba, kisha wametuletea, na juu yake karatasi yenye sahihi inayosema wote wazima. Ilipofika saa nane mpaka ulikuwa umefungwa kwa mifugo. Ilipofika jioni redio yao ilikuwa inasema ni makusudi. Ng'ombe wote arobaini na mmoja watapigwa risasi Jumatatu saa kumi alasiri, na hakuna mnyama atakayevuka tena mpaka serikali yetu ijieleze.

Bi Kipimo alizipata habari hizo kizuizini, bado kaishika baiskeli. Alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kwanza aliwaza, nimekosea. Akawapitia ng'ombe wote kichwani, mmoja mmoja, na hakuona pa kukosea. Pembeni mjane wa fundi baiskeli, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekaa chini na kanga kichwani. Ng'ombe wake watatu walikuwa ng'ambo, na ndio wote aliokuwa nao duniani. Yule mtamba mwenye mimba alikuwa wake.

"Shoga," mjane akamwambia, "wewe uliwapima. Niambie tu ni wagonjwa, nijue moja."

"Si wagonjwa," Bi Kipimo akasema. "Hilo nalishika kwa mikono miwili."

Alifika nyumbani akamkuta mjukuu amekaa kitako juu ya viganja vyake, mezani, chakula kimepoa hakijaguswa.

"Mke mwenza, leo huli?"

"Nimeshiba, bibi."

"Nionyeshe mikono."

Mikono ikatoka. Kucha zote kumi zilikuwa nyekundu, na nyekundu ile Bi Kipimo aliifahamu. Akainama chini ya meza, akavuta kopo, akaona mfuniko umekaa upande. Akakaa. Mtoto akaanza kulia akieleza, timu, namba, golikipa, mpaka ua waliouruka. Alikwisha kusikia redio ya jirani, akajua ni yeye.

Bi Kipimo alitaka kumchapa. Nasema kweli, mkono ulikwisha kunyanyuka. Kisha akaona lile kopo, akaona meza yake, na jiko lake lisilo na kufuli, na mkono ukashuka wenyewe. Alisikia hasira, lakini hasira yenyewe haikujua imwendee nani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana mkuu wa kituo alimwita ofisini. Bi Kipimo alikwisha kumweleza yote, mtoto na kopo. Alifunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mama, hili jambo tutalimaliza kikubwa," akasema. "Andika kwamba wahuni wasiojulikana waliingia zizini na rangi yao. Basi. Mjukuu hamo, kopo halimo, mimi simo."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni hasara, na hasara huwa zinatokea. Umebakiza miezi minane ustaafu. Ukisema rangi ya serikali ilikuwa jikoni kwako, unga umemwagika, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

"Wakisikia rangi ni ya wahuni," Bi Kipimo akasema polepole, "watajuaje kama kijani nayo si ya wahuni? Alama yangu itakuwa na maana gani tena?"

Mkuu akafuta miwani.

Jumatatu saa moja asubuhi Bi Kipimo alivuka daraja kwa miguu. Mkono mmoja chupa ya mafuta ya taa na furushi la matambara, mkono wa pili mjukuu. Watu walimwambia mtoto amwache. Akasema aliyecheza mechi ndiye atakayewavua wachezaji jezi.

Ng'ambo walimpokea kwa macho makavu. Mkuu wao alikuwa mzee mrefu, mkimya, kofia mpaka kwenye nyusi. Pembeni yake daktari kijana mwenye koti jeupe, na karani wa forodha aliyejua lugha zote mbili akawa mkalimani. Ng'ombe walikuwa nyuma ya waya. Askari wawili wenye bunduki walikuwa wanavuta sigara kivulini, wanangoja saa.

"Sikuja kuomba," Bi Kipimo akamwambia karani. "Mwambie nimekuja kupima. Wote arobaini na mmoja, mbele ya daktari wake. Na asitumie kipimajoto changu, atumie chake."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Basi wakaanza. Mwenye kujua kazi utamjua tu. Ng'ombe waliokuwa wamelala na hofu siku mbili, hawajanywa maji ya kutosha, wanarusha miguu, na daktari kijana ndani ya nusu saa alikwisha kula teke la paja. Bi Kipimo akawa anatangulia kwa kila mmoja, anapapasa shingo, anasema naye kwa sauti ya chini kama anamwamsha mgonjwa anywe dawa, ng'ombe anatulia. Daktari anapima, anasoma kwa sauti, karani anaandika. Thelathini na nane na nusu. Thelathini na nane na nusu. Thelathini na tisa, huyu kakaa juani. Kisha anafungua mdomo, anatazama ulimi na fizi, anainua kwato moja moja, vidonda hakuna. Kwato mia moja sitini na nne, na mama wa miaka hamsini na tisa aliinama kwa kila moja. Huku nyuma mjukuu anasugua nyekundu kwa mafuta ya taa, machozi na makamasi, hamtazami mtu. Kila nyekundu ilipofutika, chini yake kijani kilikuwapo.

Saa nane na robo wakamaliza. Hakuna hata mmoja mwenye homa. Daktari kijana alimwambia mkubwa wake maneno marefu, na karani akanong'ona kwamba anasema hajawahi kuona mikono kama ile.

Lakini mzee hakulegea. "Ng'ombe ni wazima, nimeona," akasema. "Ila rangi ilikuwa imeandikwa ugonjwa, na rangi ni mkataba wa serikali mbili. Nataka kwa maandishi: nani aliipaka, na aliipata wapi. Bila hiyo, amri ya saa kumi iko palepale."

Karani alikuwa mtu mwema. Alipotafsiri aliongeza lake kwa siri: "Mama, andika chochote. Anachotaka ni karatasi tu."

Hapo ndipo Bi Kipimo alipoogopa. Ng'ombe hawakumtisha, bunduki hazikumtisha, ila kalamu ilimtisha. Aliona ile miezi minane. Aliona nyumba isiyo na mshahara, na binti yake akipigiwa simu. Akaona na wahuni wasiojulikana wamekaa tayari, neno moja tu na wote wanarudi nyumbani. Akamtazama mjane wa watu, aliyesimama upande wetu wa daraja tangu asubuhi bila kutikisika. Kisha akaweka karatasi mgongoni kwa ng'ombe, akaandika mistari mitatu: kwamba aliyepaka ni mjukuu wake, akicheza, kwamba rangi ni ya serikali na alikuwa ameiweka yeye, jikoni kwake, bila kufuli, kwamba kosa si la mtoto, ni lake. Akatia sahihi. Kuhusu mkuu wa kituo hakuandika kitu, maana hakuwa na karatasi ya kuthibitisha, na yeye jambo asiloweza kulipima halisemi.

Karani alitafsiri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi.

"Unajua hii itafika makao makuu yenu?"

"Najua."

"Na bado unanipa?"

"Uliuliza nani na wapi. Nimekujibu."

Askari wakaambiwa waondoe bunduki. Ng'ombe wakarudi darajani wakinuka mafuta ya taa, na mjane akamkumbatia yule mtamba shingoni kama ndugu aliyetoka safari.

Unga ukamwagika kweli. Hazikutimia hata wiki mbili barua ikaja, ukurasa mmoja, uzembe na mali ya serikali. Akarudisha koti na viatu vya mpira. Kipimajoto walimwachia, kwa sababu alikinunua mwenyewe. Mji ulimwonea uchungu, na baadhi wakasema ni ujinga, mtu mzima anajichimbia shimo kwa kalamu yake. Alisikia. Usiku alikuwa analala vibaya. Mchana alikaa kibarazani akimenya maharage, na jirani wakapita kuonyesha mbuzi wao kama kawaida.

Mahali pake akaletwa kijana mwenye shahada, na si kwamba hakujua kazi. Akapima, akapaka kijani, akatia sahihi. Ng'ombe wakafika ng'ambo, wakarudishwa. Wiki ya pili wakarudishwa. Ya tatu vilevile, na zizi likajaa, na wenye mifugo wakaanza kumjia juu mkuu wa kituo.

Ndipo asubuhi moja mkuu mwenyewe akaingia uani kwa Bi Kipimo, viatu vimejaa vumbi, mkononi barua ya ng'ambo na tafsiri yake. Aliisoma amesimama. Ilikuwa fupi. Ilisema mpaka uko wazi kwa kila ng'ombe mwenye sahihi ya yule mama. Mtu akiandika ukweli huku anajua utamfukuzisha kazi, ng'ombe wake hatuwapimi mara ya pili.

Bi Kipimo machozi yalimjaa machoni, na hakuyaficha.

"Makao makuu wamekubali urudi leo hii," mkuu akasema. "Nakuomba, mama."

"Zizini kuna ng'ombe wangapi?"

"Sitini na wawili."

"Wamekunywa maji?"

Mkuu hakujua. Bi Kipimo akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la mjukuu na kalamu, akavuta kigoda.

"Kaa hapa. Andika aliyesema rangi ikae kwangu ni nani, na lini. Mimi natangulia kuwanywesha, ng'ombe hawana kosa."

"Mama, nikiandika hivyo, na mimi si nimekwisha?"

"Mimi niliandikia mgongoni kwa ng'ombe, nimesimama," Bi Kipimo akasema. "Wewe nimekupa kigoda."

Akashika njia. Mkuu akabaki na daftari magotini na mtoto wa miaka tisa mbele yake, ambaye hakuondoka wala hakumsemesha. Akalegeza tai. Mwishowe akaandika, mistari minne, akampa mtoto. Mtoto akaisoma yote kwa sauti, kidole kikifuata maneno, kisha akamrudishia.

"Hujatia sahihi," akasema.

Akatia.